Sauti ya Bibi Namkunda

Kugawa vyumba si kujenga nyumba. Mmemsikia fundi Ndeshi wa kompyuta akimwambia mteja hivyo, mkacheka, mkadhani amegeuka dalali wa viwanja. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Mwalimu Elisante Mrutu wa hapa Usangi alipostaafu, alinunua kompyuta mpakato, akawa kila Jumapili anamrekodi mama yake, Bibi Namkunda, kwa simu na kuhifadhi humo. Bibi alikuwa na hadithi za Kipare ambazo hakuna mwingine aliyezijua. Alizisimulia huku akichambua maharage, na mara kwa mara akimgombeza mwanawe kwa kukonda. Alipofariki, kilichobaki ni sauti ile tu.

Mwalimu akaingiwa na hofu. Je, virusi vikiivamia kompyuta? Akaenda kwa Ndeshi, aliyekuwa mwanafunzi wake darasa la nne.

"Shikamoo, Mwalimu. Nunua diski ya nje, unakili hadithi zote, umpelekee dada yako Same."

"Marahaba. Diski nyingine ya nini? Igawe hii hii ya kompyuta. Chumba kimoja cha programu, kingine cha mama."

Ndeshi akaigawa diski sehemu mbili, maana kwa upande wa virusi hilo lingemfaa. Mwalimu akazinakili hadithi vyumba vyote viwili, akazifuta kwenye simu, akatulia tuli.

Miezi miwili baadaye virusi vikaja kweli. Ndeshi akafuta chumba cha programu chote, cha mama kikasalimika, na Mwalimu akanakili upya. Weee, alivyotamba! Kila aliyekutana naye sokoni alipewa somo la vyumba.

Masika yakafika. Siku moja Mwalimu aliteleza kwenye ngazi zenye tope, kompyuta ikamponyoka. Ndeshi akaiwasha, akasikia diski ikigonga, tik, tik. Akaizima haraka.

"Kimeharibika chumba kipi?" Mwalimu aliuliza, bado ana matumaini.

"Vyote, Mwalimu. Diski ni moja."

"Lakini niliweka mara mbili, mwanangu!"

"Uliweka mara mbili ndani ya nyumba moja. Nyumba yenyewe ndiyo imebomoka."

Mwalimu akakaa kwenye benchi la wateja, akalia, mzee mzima. Hakuna aliyemcheka. Diski ikapelekwa mjini kwa mafundi wakubwa, ikarudi vilevile.

Kilichopatikana ni kipande kimoja, cha dakika moja, ambacho zamani alimtumia dada yake Nakijwa kwa utani tu. Si hadithi hata kidogo. Ni maharage yanadondoka kwenye sufuria, na mama anasema, "Elisante, umekula wewe? Mbona umekonda hivyo?"

Sasa kipande hicho kiko Same kwa Nakijwa, kiko dukani kwa Ndeshi, na kimo kwenye simu yangu hii. Mwalimu alikigawa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akimwambia kila aliyekipokea methali hii hii. Ngojeni niwawekee mmsikie Bibi. Na hadithi zake msiniulize, kwa sababu hakuna anayezijua tena. Kugawa vyumba, wanangu, si kujenga nyumba.