Kilo za Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa bwawa. Bwawa la nani?

— La wote!

Mmekosea. Kiboko alisema ni lake, na tumbo kama lile nani wa kulibishia?

Basi, mwaka wa ukame Kiboko alizungushia bwawa ua, akatia lango la kompyuta. Programu aliiandika mwenyewe kwa lugha ya Perl, bingwa huyo! Ukifika unaandika jina. Likiwa sawa na "Kiboko", lango linafunguka. Perl ikamwonya, tii! Ikamwonya tena, tii! Akazima maonyo. Eti yanampigia kelele.

Kesho yake Digidigi akaandika "Digidigi". Kwachaa! Likafunguka. Kobe akaandika "Kobe". Kwachaa! Likafunguka. Wakanywa, gu-gu-gu.

Kiboko akamwita fundi, Kindi.

"Shikamoo, mkubwa."

"Rekebisha lango, kafundi we, ama nikukalie!" Hata marahaba hakusema.

Kindi akasoma programu, akacheka moyoni. Lijinga hili limelinganisha majina kwa alama ya namba! Perl ikiambiwa jina ni namba, huchukua tarakimu zilizo mwanzoni. Zisipokuwepo, huhesabu sifuri. Kiboko sifuri, Kobe sifuri: sawasawa. Dawa yake herufi mbili tu, "eq", alama ya kulinganisha maneno. Lakini akizitia, wanawe watano watakufa kwa kiu. Roho ikamuuma.

"Mkubwa, tatizo ni jina lako. Halina uzito. Tanguliza kilo zako mbele yake."

"Na wewe una kilo ngapi?"

"Mimi? Hata moja sina, mkubwa."

Kiboko akacheka, ho-ho-ho, akaenda kula majani. Akarudi jua linamchoma mgongo, akaandika "2000 Kiboko". Lango kimya. Akaandika "3000 Kiboko". Kimya. Akaandika "9000 Kiboko", mwongo mkubwa! Kimya.

Kindi akafika na wanawe, akaandika "Kindi". Kwachaa!

"Na mimi je?" Kiboko akalia.

"Ongeza kilo, mkubwa."

Angefuta kilo tu, angeingia. Lakini afute kilo, yeye? Mpaka leo yuko langoni, ngozi imempasuka, anaongeza sifuri.

Na mimi hadithi naifunga, kwachaa! Funzo lake, watoto: mkiwa wakubwa zimeni maonyo, yana kelele. Na popote muendako, kilo zenu zitangulie jina.