Bonge la Udongo Mlangoni

Hapo zamani, wakati mbiu ndiyo iliyokuwa gazeti la mji, palikuwa na mfinyanzi mmoja katika mji wa Kiwambo, mwanamke kijana, jina lake Siwema. Aliyempa habari ya kanuni mpya ya matanuri alikuwa Bi Mwanakheri muuza ndimu, na alimpa wakati tanuri limekwisha kuwashwa.

Siwema alikuwa amechuchumaa mbele ya mdomo wa tanuri, mwanawe Mbaruku mgongoni, akiulisha moto vifuu vya nazi kimoja kimoja. Moto ulikuwa bado mchanga. Bi Mwanakheri akapita na kikapu kichwani, akasimama, akakishusha.

"Siwema mwanangu, unachoma?"

"Nachoma, Bibi."

"Upande huu?"

"Tanuri liko upande huu, Bibi. Nichomee wapi tena?"

Bi Mwanakheri akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyekuta mlango wa jirani uko wazi na mwenyewe hayupo. "Kwani hukusikia? Matanuri yote yahamie ng'ambo ya kijito. Litakalowashwa upande huu wa ghala ya pamba litavunjwa. Mwezi ulioandama juzi ndio umeipa kanuni nguvu."

"Mbiu ilipigwa?"

"Ilipigwa. Mji mzima ulisikia."

"Mimi sikusikia," alisema Siwema.

Tanuri lile lilijengwa na baba yake, Mzee Mwinchumu, ambaye hakuwa na siku nyingi tangu azikwe. Mume wa Siwema alikuwa mbali, kwenye mashamba ya chumvi, na hakutazamiwa mpaka masika. Ndani ya tanuri mlikuwa na vyungu vya kwanza ambavyo Siwema alivifinyanga peke yake, bila baba wa kumsahihisha. Vikiiva, yeye na mtoto wana chakula. Moto ukizimwa katikati, chungu hupasuka, na kisichopasuka hakifai hata kuwekea kuku maji.

Siwema akautazama mtungi wa maji uliokuwa kando yake. Akautazama moto. Kisha akachukua vifuu viwili akavitia motoni.

"Siwema," alisema Bi Mwanakheri taratibu.

"Bibi, naomba unipokelee mtoto. Moshi unamwingia machoni."

Bi Mwanakheri akampokea mtoto.

Askari wa Idara ya Ghala na Moto walifika moshi ulipoonekana, wakakuta moto umekolea. Walikuwa watu wa adabu. Walikaa kivulini wakasubiri vyungu viive, wakasubiri tanuri lipoe, wakamsaidia kuvitoa. Mmoja akachagua chungu cha kupikia maharage, akakilipia, akakiweka mbali na vumbi. Kisha wakainua sururu wakalivunja tanuri mpaka chini. Mwenye chungu aligonga kwa huruma hata mwenzake akamwambia, "Wewe unavunja au unabisha hodi?"

Sasa, Kiwambo haukuwa mji wa mtu kuamka asubuhi akasema leo iwe hivi, ikawa. Kanuni ilikuwa na njia yake. Idara yenye jambo huiandika. Ikisha kuiandika, huwaita watu waisikie na waseme neno lao. Ikitoka kwa watu, huenda masjala, ikapewa namba na kutundikwa. Ikitoka masjala, hupigiwa mbiu, mtaa kwa mtaa. Na mwezi mpya ukiandama, ndipo kanuni huota meno.

Wanawake wa Mtaa wa Wafinyanzi wakamwambia Siwema, "Nenda kwa Mwamuzi. Vyungu ulivyonavyo ni vya mara hii tu. Masika yakiingia, matofali hayakauki, na bila tanuri utakula nini mpaka kiangazi?" Siwema hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Akaenda kwa sababu walimshika mkono, na alipofika barazani akakaa nyuma ya nguzo, akamnyonyesha mtoto.

Mwamuzi wa mji alikuwa mtu mtaratibu. Akawaita wote ambao kanuni ilipita mikononi mwao.

Wa kwanza alikuwa Bwana Shomvi, mwandishi wa Idara ya Ghala na Moto.

"Bwana Shomvi, kazi yako uliifanya?"

"Niliifanya, Bwana Mwamuzi. Kaskazi iliyopita cheche zilitoka kwenye matanuri, zikaingia ghala ya pamba. Mlinzi aliungua mkono mpaka kiwiko. Nikaandika kanuni ili asiungue mwingine. Nani atasema niliandika vibaya?"

Mlinzi mwenyewe alikuwa barazani, na mkono wake ulikuwa umekunjamana kama ngozi ya boga la mwaka jana.

"Na watu uliwaita waisikie?"

"Niliwaita. Siku ya gulio, adhuhuri."

"Siku ya gulio adhuhuri, wafinyanzi huwa wapi?"

Bwana Shomvi akakohoa. "Huwa kwenye meza zao, wanauza."

"Basi nani alikuja?"

"Wenye pamba walikuja. Na Bi Mwanakheri, kwa niaba ya mtaa wa wafinyanzi."

"Na ndimu zake," alisema mtu mmoja nyuma, na watu wakacheka kidogo.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo, Bwana Mwamuzi, haikuwa kazi yangu."

Wa pili alikuwa Bi Mwanakheri. Mtaa ulimtuma akawe sikio lao kwa sababu ndimu zake huisha mapema.

"Bi Mwanakheri, kazi yako uliifanya?"

"Niliifanya, baba. Nilikaa, nikasikiliza mpaka mwisho. Waliniuliza, mna neno? Nikasema, nitakwenda kuwaambia wenzangu, ndio wenye neno. Nikarudi. Kufika mtaani, nakuta kilio. Mzee Mwinchumu amefariki." Akageuka kuitazama ile nguzo. "Sasa ningeanzaje? Mtu analia baba yake, mimi nimwambie habari za tanuri la baba yake? Nikasema moyoni, acha matanga yaishe. Kabla hayajaisha, niko sokoni, mbiu ikalia. Nikashukuru. Nikasema, basi, kumbe wamekwisha kuambiwa na mwenye kazi yake."

"Lakini hukuuliza kama wameambiwa."

"Mbiu ikilia, baba, nani huuliza kama imesikika?"

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo haikuwa kazi yangu. Lakini nilipoona moshi nilisimama, na nilimwambia. Mwingine angepita."

Wa tatu alikuwa Mzee Ngwali, mtunza masjala.

"Mzee Ngwali, kazi yako uliifanya?"

"Bwana Mwamuzi, kanuni ikiingia kwangu hailali. Niliisoma, nikaipa namba, nikaitundika mlangoni pa masjala, mahali ambapo hata mbuzi huiona. Nikampa Makame akaipigie mbiu. Aliporudi nikamuuliza, umepiga? Akasema, nimepiga. Nikamuuliza, mitaa yote? Akasema, kote nilikoweza."

"Na alikoshindwa hukumuuliza?"

"Makame kila siku kuna kitu amekishindwa. Leo kilima, kesho mbwa. Nikianza kumuuliza, masjala haitafungwa."

"Mzee," alisema Makame kutoka alipokuwa amekaa, "tangu uoe kile kiti chako hujui hata kilima kiko wapi."

Watu wakacheka tena, na Mzee Ngwali naye akacheka, kwa maana wawili hawa walikuwa wakitaniana tangu utotoni. Mwamuzi akangoja mpaka wakanyamaza.

"Na baada ya hapo, Mzee Ngwali?"

"Baada ya hapo mwezi ukaandama. Mwezi si kazi yangu."

Wa nne alikuwa Makame, mpiga mbiu. Alisimama na mbiu yake mkononi, pembe ndefu iliyong'aa kwa kushikwa.

"Makame, kazi yako uliifanya?"

Makame hakujibu upesi kama wenzake. "Niliifanya mtaa wa Sokoni. Niliifanya mtaa wa Pamba. Niliifanya Bondeni. Nikafika mtaa wa Wafinyanzi, nikainua mbiu mdomoni, nikaona mikeka imetandikwa nje na wanawake wamejitanda. Bwana Mwamuzi, mbiu haipigwi penye matanga. Hilo sikulitunga mimi, nimelikuta, na babu yangu alilikuta. Nikaishusha. Nikaingia nikatoa pole, nikanywa kahawa, nikaondoka."

Siwema, nyuma ya nguzo, alimkumbuka. Alikumbuka mzee aliyekaa ukingoni mwa mkeka, akiwa ameificha mbiu chini ya kanzu ili asionekane amekuja kwa kazi. Wakati ule alifikiri: huyu ni mtu mwenye heshima. Hata sasa alifikiri hivyo.

"Matanga yalipoisha hukurudi?"

"Kanuni hupigiwa mbiu mara moja. Ukiipiga tena, mji hudhani imetoka kanuni nyingine, wanaanza kukimbizana."

"Ungemwambia kwa mdomo, bila mbiu. Ulikuwa umekaa naye mkeka mmoja."

"Niliyemwona alikuwa analia," alisema Makame. "Nilikwenda kumpa pole, sikwenda kumvunjia tanuri."

Mwamuzi akasema, "Mama Mbaruku, sogea. Huko nyuma sikuoni."

Siwema akasogea, macho chini. Mtoto alikuwa amelala.

"Ulipowasha moto, ulikuwa umesikia habari ya kanuni?"

"Sikuwa nimesikia."

"Bi Mwanakheri alipokuambia, moto ulikuwaje?"

"Mchanga."

"Maji yalikuwepo?"

"Yalikuwepo. Mtungi mzima."

"Ungeweza kuuzima?"

"Ningeweza."

"Ulifanya nini?"

"Nikaongeza vifuu."

Wanawake waliomleta wakaguna, kwa sababu walitaka aseme maneno mengine. Sauti ya Siwema ilipotoka, watu wa nyuma ilibidi wainame mbele ili waisikie.

"Udongo wa vyungu vile alinichagulia baba. Ndio wa mwisho aliouchagua. Na huyu mtoto anakula kwa vyungu. Nilijua kanuni imekwisha kuwa kanuni. Nikasema, hata nikizima, jivu litasema niliwasha. Basi angalau vyungu viive."

"Na kama cheche zingeingia ghalani?" aliuliza yule mlinzi mwenye mkono ulioungua. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza tu.

Siwema akautazama ule mkono. "Sikukufikiria wewe," alisema. "Nisamehe, kaka."

Mwamuzi akakata shauri.

"Kanuni iliandikwa, ikawekwa mbele ya watu, ikapewa namba, ikapigiwa mbiu, mwezi ukaandama. Ni kanuni. Tanuri limevunjwa kwa haki, na hakuna askari atakayelaumiwa. Lakini tanuri jipya lazima lijengwe ng'ambo ya kijito kabla ya masika, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kuchimba, kufyatua matofali na kuyapanga peke yake mvua isimkute. Mtu mmoja atalijenga, tangu msingi mpaka mdomo. Mmoja tu. Nikiwataja wote, kila mmoja atamngoja mwenzake, kama mlivyongojana kwenye mbiu."

"Nani huyo mmoja?" aliuliza Bwana Shomvi.

"Nyinyi wafinyanzi mna desturi yenu. Mwenye kazi akimtaka mtu, humwekea bonge la udongo mbichi mlangoni. Anayelikuta hakatai, huchukua jembe akaja. Mama Mbaruku, kesho asubuhi weka bonge lako kwenye mlango wa yule unayeona anastahili kulijenga. Nitalishika neno lako kama langu. Na ukiona anayestahili ni wewe, liweke mlangoni pako."

Siwema akasema, "Bwana, afadhali uchague wewe."

"Mimi sikulala kwenye mkeka wa matanga," alisema Mwamuzi, akainuka.

Asubuhi yake Siwema aliamka kabla ya mtoto. Akakata udongo uliobaki kwenye shimo la baba yake, akaulowesha, akaukanda mpaka ukalainika, akaufunga kwa jani la mgomba. Akambeba Mbaruku mgongoni. Alipotaka kutoka, akasimama juu ya kizingiti chake mwenyewe, bonge mkononi, akakumbuka vile vifuu viwili na ule mtungi uliojaa. Alisimama hapo muda mrefu kuliko alivyodhani. Kisha akashuka njiani.

Akapita nyumba ya Bwana Shomvi, aliyeandika ili mtu asiungue, akawaita watu saa ambayo hawangeweza kuja. Akapita nyumba ya Bi Mwanakheri, penye maganda ya ndimu mlangoni, aliyenyamaza kwa huruma na kusema kwa huruma, lakini akasema wakati moto umekwisha kuwaka. Akapita masjala, Mzee Ngwali akifagia mbele ya kanuni aliyoitundika, aliyeuliza maswali mawili akaacha la tatu. Akapita nyumba ya Makame. Mlango ulikuwa wazi, na mbiu imetundikwa ukutani, mdomo wake umeelekezwa chini, kama siku ile chini ya kanzu.

Jua lilikuwa linapanda na udongo ulianza kukauka pembeni. Siwema akarudi nyuma hatua chache, akainama, akaliweka bonge kwenye kizingiti cha mlango mmoja. Hakupiga hodi. Alinawa mikono kijitoni, akavuka ng'ambo, akaanza kung'oa majani mahali ambapo tanuri jipya lingesimama, akingoja kuona ni nani angetokea na jembe. Na yeye alijua.

Bonge hili sasa liko mikononi mwenu, nanyi mmewasikia wote. Je, nani alistahili kulikuta mlangoni pake?