Chuma cha Mdomoni mwa Bunduki

Waliotuachia methali ya kuuliza si ujinga walimjua vizuri binadamu: yuko radhi kupotea njia mchana kweupe kuliko kuonekana hajui. Anayeuliza huona haya kidogo, yakaisha. Asiyeuliza hurudi nyumbani na lile asilolijua, akalala nalo, akaamka nalo, mpaka likamtawala. Numbi wa Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, analifahamu hilo leo, na hakufundishwa bure.

Numbi alikuwa fundi wa lifti, mzaliwa wa Likasi, Kongo, mtoto wa mwindaji. Siku za mapumziko alikwenda na wenzake wa kazini kuwinda nguruwe mwitu katika misitu ya Ardenne. Kibali alikuwa nacho, na bunduki yake mpya ililetwa kutoka Marekani kupitia duka lenye ruhusa zote. Alikuwa pia ameomba uraia wa Ubelgiji, na jibu lilikuwa linasubiriwa. Kosa moja tu la kisheria lingetosha kuliharibu ombi hilo, na yeye, mkewe na binti yao Tatiana wangebaki hewani.

Siku ya kuichukua bunduki, Nathalie, mwenye duka, alimfungulia sanduku. Kwenye mdomo wa mtutu palikuwa na kipande cha chuma kilichokazwa kama kizibo cha chupa, chenye matundu ubavuni. Bunduki ya baba yake haikuwahi kuwa na kitu kama kile. Nathalie akamwuliza kama ana swali lolote. Swali alikuwa nalo, tena lilikuwa limefika ulimini. Lakini mlangoni tu alikuwa amejigamba kwamba yeye bunduki ameijua kabla ya kujua kusoma. Akavimba kichwa, akasema hana swali, akaenda zake.

Jumamosi alikwenda kunyolewa katika Galerie d'Ixelles kwa Burhani, Mrundi mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Numbi akamwonyesha picha ya bunduki kwenye simu ili asifiwe. Burhani akaizima mashine.

"Tonton Numbi, hiki kitu cha mbele si silencieux hiki? Cha kuzuia sauti?"

"Ah, ni modèle ya sasa tu."

"Mimi nakwambia, hapa ni marufuku. Kuna jamaa wa Liège walimkuta nacho. Walivunja mlango, wakamchukua. Hata mke wake hajui yuko wapi."

Burhani hakuwahi kushika bunduki maishani mwake, na huyo jamaa wa Liège hakuwa hata na jina. Numbi hakuyapima hayo. Aliondoka ndevu zikiwa zimenyolewa upande mmoja.

Tangu hapo alikosa raha. Waliishi ghorofa ya tatu ya nyumba ya zamani iliyogawanywa, yenye ngazi za mbao zilizolia kila mtu alipopanda. Zikilia, Numbi aliacha kutafuna. King'ora kikipita kuelekea stesheni ya Gare du Midi, alisogea mbali na dirisha. Simu za namba asizozijua hakuzipokea tena. Sidonie, mkewe, mshonaji na mwimbaji wa kwaya, akambana.

"Papa Tatiana, uko na kitu ndani ya roho. Sema."

Akamwambia yote.

"Bon, pigia madame Nathalie téléphone, umuulize. Si ni ye aliuzisha?"

"Nikiuliza, ni kujishitaki miye mwenyewe. Kwetu Likasi, nani alikuwa anajipeleka mwenyewe polisi?"

"Hatuko Likasi. Na Nathalie haiko polisi."

"Na uraia? Wakiandika jina yangu, alors tutafanya nini?"

Sidonie akainuka. "Miye naogopa uoga yako kuliko ile chuma," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Asubuhi moja Sidonie alipokuwa sokoni, Numbi alikifungua kile chuma kutoka mdomoni mwa bunduki. Alichukua kitambaa cha kwanza alichokiona katika kikapu cha kushonea, akakiviringisha, akazungusha utepe mweusi anaofungia nyaya kazini, tabaka juu ya tabaka. Akatembea hadi Gare du Midi, roho mkononi, akimwona kila mpita njia anamtazama mfuko wa koti. Akakitumbukiza kwenye pipa la taka. Siku hiyo alikula akashiba.

Jioni habari zikatangazwa. Mfagiaji alikuwa ameona bomba la chuma lililofungwa kwa utepe ndani ya pipa, naye akafikiria kile ambacho mtu yeyote wa Brussels angekifikiria. Stesheni ilifungwa, watu wakakimbizwa nje, na bibi mmoja mzee akasukumwa kwenye ngazi akavunjika mkono. Halikuwa bomu, lakini polisi walimtaka aliyeliacha ajitokeze. Numbi akajua ni kile chuma chake. Hata wakati huo simu moja ingemwokoa. Alijiambia kuwa Brussels ni kubwa na watu ni wengi, akazima televisheni.

Kilichomponza ni kitambaa. Chini ya utepe kulikuwa na kitenge cha kwaya, kile kilichochapishwa kwa ajili ya jubilei, chenye jina la kanisa na picha ya msalaba.

Jumapili alasiri Numbi alikuwa ameketi nyuma kanisani akimsubiri mkewe amalize mazoezi. Wakaingia mwanamume na mwanamke wasiovaa sare, wakamsogelea Rolande, kiongozi wa kwaya, wakamwonyesha picha kwenye simu. Wimbo ukakatika. Rolande akaitazama sana, maana kila mwimbaji alikuwa ameshona nguo yake.

"Donc, kipande yenye ilibakia," akasema polepole, "nilimupatia maman Sidonie, sababu ni ye anashonaka."

Kina mama wote wakageuka. Sidonie akaiangalia picha, kisha akainua macho, akamtazama mumewe kule nyuma. Numbi aliona mkewe ameelewa kila kitu.

"Ni yangu," Sidonie akasema.

Wakamwomba awafuate. Akachukua mkoba wake, akaanza kutembea katikati yao, kichwa amekiinamisha, huku wenzake wakimpisha kama mgonjwa. Numbi alitaka kusimama, akabaki ameketi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na aibu ya hofu ile ilimchoma. Walipofika mlangoni ndipo sauti ikamtoka.

"Mumwache. Haiko ye. Ni miye."

Kituoni kile chuma kiliwekwa mezani, kimefunuliwa. Afisa aliinua simu, akampigia Nathalie, na Numbi akasikia kila neno. Kilikuwa kipunguza msukumo, kitu cha kupunguza pigo la bunduki begani. Sauti hakiizuii. Kilikaguliwa wakati wa kuingizwa nchini na kikaruhusiwa. Mazungumzo yale yalikwisha kabla kahawa ya afisa haijapoa.

"Kwa nini hukuuliza?" akamwuliza.

Basi yakafuata maswali mengine, mpaka giza likaingia: kwa nini utepe, kwa nini stesheni, kwa nini hukujitokeza bibi yule alipoumia, na ni nani mwingine alijua. Bunduki ikashikiliwa. Kibali kikasimamishwa. Kesi ya kuzua taharuki ikapelekwa kwa mwendesha mashtaka, na kwa kesi hiyo ombi la uraia likawekwa kando. Sheria aliyoiogopa hakuwa ameivunja hata kidogo. Aliyoivunja hakuwa ameifikiria.

Sidonie alikuwa akimsubiri kwenye benchi la nje, mkoba magotini. Alisogea, Numbi akaketi.

"Walikuuliza mingi?"

"Mingi sana."

"Na weye ulikuwa na swali moja tu," Sidonie akasema, na machozi yakamtoka.

Numbi akainamisha kichwa. Kweli, kuuliza si ujinga.