Kisanduku cha Sauti ya Nyamizi

"Koleo ulikuwa nalo mkononi, kaka. Kitufe kile ungekikata."

"Na wewe simu ulikuwa nayo mkononi. Ungeiacha kama ilivyo."

"Nilikuuliza kwanza. Ukasema sauti imo kwenye kisanduku."

"Nilisema imo. Sikusema futa."

Hivyo ndivyo Wande na kaka yake Kapaya walivyokuwa wakigombana siku ya kuanua matanga ya dada yao. Katikati yao, juu ya mkeka, kulikuwa na kisanduku cha mbao, kidogo kama mche wa sabuni. Ninyi mnaosikiliza, ngojeni. Msichague upande kabla sijawaambia yaliyotangulia.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu wala si ya mababu, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nyamizi. Alikaa pembeni mwa mji wa Tabora na mumewe Mlekwa, na mama yake mzazi, Bi Kalunde, ambaye macho yake yalikwisha kupotea. Nyamizi alijifungua mtoto wa kiume, kisha akaugua kifua. Alipoona haponi, alichukua simu yake akajirekodi akimbembeleza mtoto kwa wimbo. Akafa. Tangu siku ile mtoto akawa halali, analia mpaka sauti inakauka.

Watu watatu wakaazimia kumrudishia mtoto sauti ya mama yake. Mlekwa achague kifaa, Kapaya aunge, Wande atunze simu.

Mlekwa akaenda mjini kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji akampangia moduli za sauti, vijibao vya umeme vya kutolea sauti, juu ya kioo. Ya kwanza inasoma memori kadi. Inaimba vizuri, lakini inakula betri, na kadi ikitikisika inanyamaza. Ya pili haisemi kitu mpaka simu iwe karibu. Ya tatu inahifadhi sauti ndani yake yenyewe, bila kadi, bila simu. Inabeba pumzi chache tu, nayo ina vitufe viwili, cha kusikiliza na cha kurekodi. Muuzaji akamwonya kwamba mtu akishikilia cha kurekodi, kilichokuwamo kinafutika, hakirudi.

Mlekwa akafikiri. Nyumbani umeme haujafika. Mama mkwe haoni. Kadi ikidondoka sakafuni, ataipapasa mpaka lini? Akachagua ya tatu. Aliporudi akamweleza Kapaya lile onyo, hakupunguza neno.

Kapaya alikuwa fundi wa redio. Akaunga spika, akaunga betri, akavitia vyote katika kisanduku cha mbao, vitufe nje, akaiweka simu karibu, akarekodi. Pumzi zile chache za Nyamizi zikaingia. Kisha akashika koleo ili akikate kitufe cha kurekodi, akasita. Aliwaza kwamba sauti ikija kufifia atataka kuiingiza upya. Basi akakiacha. Akakifunika kwa selotepu, tabaka juu ya tabaka. Juu ya kitufe cha kusikiliza akabandika ushanga, ili vidole vya Bi Kalunde vijue pa kubonyeza.

Wande akabaki na simu. Simu ile ilikuwa apewe binamu yao wa Nzega siku ya kugawa vitu vya marehemu. Ndani yake kulikuwa na picha za Nyamizi alipokuwa amekwisha, mbavu nje, nywele zimenyonyoka. Wande hakutaka zionekane na mtu. Akamuuliza Kapaya kama sauti imo kwenye kisanduku. Kapaya akasema imo. Wande akafuta kila kitu.

Mtoto akalia, Bi Kalunde akabonyeza ushanga, Nyamizi akaimba, mtoto akalala. Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho yake tena.

Lakini ukoo ule una desturi. Kitu cha marehemu hakiachwi kipate vumbi. Hufutwa kila asubuhi kwa kitambaa cha maji mpaka matanga yaanuliwe. Bi Kalunde alikifuta kisanduku polepole, kama mtu anayemfuta mgonjwa uso. Maji yakalainisha gundi. Ushanga ukadondoka, na hakuna aliyeusikia.

Siku moja kabla ya kuanua matanga, mtoto akalia. Bi Kalunde akapapasa kisanduku akitafuta palipoinuka. Palipoinuka sasa ni pale penye selotepu. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza kwa nguvu, akashikilia, akakisogeza kisanduku mdomoni kama mtu anayemnong'oneza aliyelala.

Wande alirudi kutoka kisimani akakuta mtoto bado analia. Akachukua kisanduku, akabonyeza kitufe cha kusikiliza. Spika ikatoa sauti ya Bi Kalunde:

"Nyamizi, mwanangu, imba basi. Mtoto analia."

Na nyuma ya maneno hayo, kilio cha mtoto.

Kapaya alikifungua kisanduku, akakitazama, akakifunga. Wimbo ule kila mama wa pale anaujua. Sauti ndiyo hawakuwa nayo tena.

Sasa sikieni jambo moja la ukoo ule. Aliyeharibu kitu cha marehemu hali sinia moja na wenzake siku ya kuanua matanga. Shangazi humpakulia bakuli lake peke yake. Na aliyepokea bakuli hilo hamshiki mtoto wa marehemu mpaka mahindi mapya yaive. Bakuli ni moja, haligawanywi, na lisipopokelewa matanga hayaanuliwi.

Ndiyo maana Wande na Kapaya walikuwa wakigombana. Kisha Wande akamgeukia Mlekwa.

"Na wewe shemeji, ulichagua moduli kama anayenunua nyanya jioni. Umebeba zilizobaki."

Siku nyingine angecheka, maana shemeji ni mtani wake. Siku hiyo hakucheka.

"Nilichagua," alisema. "Nilimchagulia asiyeona, na onyo nililileta. Sikuacha kitufe, sikufuta simu. Na mtoto ni wangu. Mama yake ameshaondoka. Na mimi nisimshike?"

Kapaya akasema, "Niliacha kitufe. Nilikiacha ili sauti isipotee siku moja, na nilikifunika. Sikuleta moduli inayosahau, sikufuta simu. Mtoto huyu hacheki na mtu ila mimi, mnajua."

Wande akasema, "Nilifuta simu. Nilimsitiri dada yangu. Sikuleta moduli, sikuacha kitufe, na kabla ya kufuta niliuliza. Anayempikia uji ni mimi, anayemwogesha ni mimi. Nikipewa bakuli, nani atafanya?"

Bi Kalunde alikuwa ameketi ukutani, mtoto mgongoni. Walidhani amesinzia.

"Kila mmoja anataja mikono yake," alisema. "Kidole kilichobonyeza ni changu."

Kapaya akamwambia taratibu kwamba mama hana kosa, ushanga ulikuwa umedondoka.

"Kidole kiliniambia huu si ushanga, baba. Kilinijulisha. Lakini mtoto alikuwa analia, nikashikilia."

Tangu sauti ipotee, mtoto alikuwa akisinzia juu ya mgongo ule tu, na kwa shida. Mgongo nao ukiondolewa, atalala wapi? Wande akajifunika uso kwa khanga. Mlekwa akakichukua kisanduku, akakirudisha chini bila kukibonyeza.

Sinia lilikwisha kuandaliwa. Shangazi yao, Nyanzala, ambaye kazi ya kupakua siku hiyo ni yake peke yake, akaja na bakuli kutoka jikoni, akasimama mlangoni. Bi Kalunde alisikia hatua zake, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Mtoto mgongoni akashtuka, akaanza kulia, na Mlekwa akaushika mkono ule, akaushusha. Shangazi akawatazama mmoja mmoja, bakuli linafuka mvuke mikononi mwake.

"Chakula kinapoa," alisema. "Je, bakuli hili nimpe nani?"