Tunu na Sauti ya Kinu

"Mlea paka kimya hulea panya." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mwenzake, mkanijia mbio mniulize maana. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Rufiji alikuwepo mjane mmoja, Bi Zuwena, mlimaji wa mpunga. Mwaka huo mafuriko yalimwachia kanda moja tu la mbegu, mfuko wake wa ukindu. Panya wakilila, hana cha kupanda. Basi akatafuta mtoto wa paka, akamwita Tunu, akamlea kama yai. Kinu alikihamishia kwa jirani, kelele zisimshtue. Wageni walinong'ona. Hata jogoo wake alikuwa akienda kuwika njia panda. Msiponiamini, kamuulizeni jogoo.

Tunu akakua, panya wakakaa mbali. Kisha ikaja arusi ya mpwa wa Bi Zuwena, na wanawake sita wakaja na vinu vyao kutwanga uani kwake. Mchi wa kwanza ulipogonga, Tunu akapaa juu ya makuti ya paa, akakataa kushuka. Siku ya tatu kanda likatobolewa.

Bi Zuwena akamwendea jirani yake, Mwanjaa. "Shoga, paka nimemlea vizuri. Nimemkosea nini?"

"Umemficha. Wewe wasikia kinu, mwenzio kasikia dunia inapasuka."

"Basi nimkamate, nimfungie karibu na kinu mpaka azoee."

"Ukimkamata atazoea kukuogopa wewe. Nipe kichwa cha kambare, kisha ukae kitako."

Mwanjaa akaweka kinu mbali, nyuma ya migomba, na kile kichwa cha samaki hatua chache kutoka hapo. Akatwanga taratibu. Tunu akichungulia, Mwanjaa anaendelea. Akirudi nyuma, anaacha, anangoja. Kesho yake akatwanga karibu kidogo. Bi Zuwena alitazama huku akiuma kanga, maana panya nao hawakuwa wakingoja.

Siku ya tisa Tunu alilala ubavuni mwa kinu, mchi ukipanda na kushuka, masikio tu yakicheza. Kulipopambazuka, panya mmoja alikuwa amelazwa mlangoni kama zawadi.

Lakini kanda lilikuwa limebaki nusu, na Bi Zuwena alipanda nusu ya shamba. Wapita njia walipomuuliza mbona upande wa pili ni nyasi tupu, hakuyasingizia mafuriko, wala hakuwalaumu panya. Aliegemea jembe lake akawajibu:

"Mlea paka kimya hulea panya."