Mteremko wa Ngubati na Trekta Dogo

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, viazi vilipokuwa vimeshazoea kusafiri kwa lori, aliishi mjane mmoja kwenye milima ya Rungwe, upande ule usiokauka ukungu. Jina lake Subilaga, ila majirani walimwita Mama Lugano. Msihangaike na majina, ninyi mnaosikiliza. Ni machache, na kila mwenye jina atadai kitu kabla hatujamaliza.

Mama Lugano alikuwa na shamba tambarare karibu na nyumba, limechoka, viazi vyake vidogo hata kumenya ni kazi. Alikuwa pia na mteremko wa Ngubati. Udongo wa Ngubati ulikuwa mweusi na laini, wa kutamanisha. Lakini Ngubati ilikuwa imelala bila kulimwa tangu siku mumewe alipofia pale.

Kifo chenyewe kilikuwa hivi. Mume aliazima trekta la jirani, akapanda nalo mlimani akiburuta plau. Mbele ikawa nyepesi, pua ya trekta ikawa inanyanyuka. Kule kwao dawa ya pua inayonyanyuka ilikuwa moja tu: wanaume wanapanda juu ya boneti, wanakaa, wanakuwa uzito. Basi wakapanda, wakakaa, wakataniana. Lugano, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, alikuwa kati yao. Trekta likagonga jiwe, likashtuka. Wanaume wakaruka, kila mmoja upande wake, kama ambavyo hata wewe ungeruka. Uzito ukaondoka na miguu yake. Pua ikapaa, trekta likabinukia nyuma, na mwenye shamba akawa chini yake.

Hakuna aliyemlaumu Lugano. Yeye mwenyewe hakuwahi kulisema jambo lile, na mama yake hakuwahi kumuuliza. Alimpenda mwanawe. Ila siku nyingine alijikuta anaitazama miguu yake, kisha anaona aibu, anageuza uso.

Miaka ikapita. Familia ikachanga fedha, ikapata trekta lake yenyewe, dogo, la mtumba, lililokuwa likikata majani kwenye bustani za hoteli moja huko mjini. Lilikuwa jembamba, limetunzwa vizuri, na matairi yake yalikuwa laini, ya kutembea juu ya nyasi bila kuziumiza. Ukilitazama ungesema limevaa kandambili. Watu walikuja kuliangalia, wakalisifu kwa adabu, wakaenda kucheka mbele ya safari.

Mama Lugano hakucheka. Aliwaita watoto wake watatu: Lugano, Tusekile na Ipyana. Akamwita na mdogo wake Kandonga, aliyeendesha matrekta ya mashamba ya chai hadi mvi zikamkuta kwenye usukani, maana yeye ndiye angekuwa dereva. Akatoa jembe la marehemu mumewe, akaliweka chini katikati yao.

Sasa mjue, kwa watu wale shamba halikutolewa kwa mdomo. Lilitolewa kwa kumkabidhi mtu jembe la aliyelilima kabla yake, mbele ya ndugu. Ukishalishika, limekwisha, halirudishwi wala halibishaniwi.

Mama akasema, "Kila mmoja wenu achague kitu kimoja cha kulivisha trekta hili. Atakayeliwezesha kulima Ngubati na kunirudishia mdogo wangu akiwa hai, nitamkabidhi jembe la baba yenu."

Mtauliza kwa nini asiigawe Ngubati mafungu matatu. Aliulizwa. Alijibu kwamba mteremko ukikatwa vipande, trekta halina pa kugeuzia, na anayegeuza trekta pabaya mlimani hazeeki. Na kila mmoja alikuwa na shida na shamba lile. Lugano alikuwa na nyumba imejaa watoto. Tusekile alikuwa amerudi kutoka kwa mume bila hata tuta moja la kwake. Ipyana alikuwa na mchumba ambaye wazazi wake walikuwa wakiuliza, kila alipokwenda kuwasalimu, atamlisha binti yao wapi.

Wakatawanyika kuchagua.

Lugano alirudi na vyuma vya uzito, vile vizito vinavyoning'inizwa mbele ya trekta kimoja kimoja, na kutolewa pasipo na kitu kizito nyuma. Yeye hakutaka vitolewe. Alimwita fundi akavichomelea vyote puani, vikawa kitu kimoja na trekta. Kandonga alimwambia kwamba chuma hicho si cha kukaa hapo siku zote. Lugano akamjibu kwa upole, "Mjomba, hiki hakina miguu." Mama Lugano alisikia, akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Tusekile alirudi na matairi. Akavua kandambili zile, akavisha kashata, matairi yenye meno marefu ya kuuma tope. Matairi ya nyuma akayajaza maji badala ya upepo mtupu, yakawa mazito, yameegemea ardhi. Halafu akageuza rimu, upande uliokuwa ndani ukatoka nje, na trekta likapanuka. Kandonga akamuuliza kama amepima ile njia ya pembeni, inayopita kati ya mawe mawili makubwa kushuka kutoka Ngubati. Tusekile akasema njia ataipanua mwenye haraka nayo. Alikuwa mwanamke wa maneno, huyu.

Ipyana alirudi na upinde wa chuma na mkanda. Upinde ulifungwa nyuma ya kiti, ukapanda juu kuliko kichwa cha dereva, ukashuka upande wa pili. Mkanda ulikuwa wa kumfunga dereva kiunoni.

Ndugu zake walimcheka siku nzima. Lugano alimuuliza upinde ule unalima nini. Tusekile akamuuliza kama ni wa kuanikia nguo. Kisha wakaacha utani, wakamwambia kweli ya moyoni mwao: wao wameleta vitu vya kuzuia trekta lisianguke, yeye ameleta kitu cha kuanguka nacho, na huko ni kumtabiria mjomba mabaya. Ipyana alisema tu kwamba baba yao naye hakupanga kuanguka.

Siku ya kulima ikafika. Kandonga akajifunga mkanda, akawasha, akaikabili Ngubati. Mama Lugano alisimama chini na mkono mdomoni. Hofu ilimshika kiasi kwamba hakuisikia hata injini.

Trekta likapanda. Plau ilizama, mbele ikajaribu kunyanyuka, vyuma vikaikalisha. Lugano akapumua. Tope likajaribu kulitelezesha, kashata zikauma. Tusekile akapiga kigelegele. Mfereji wa kwanza ukafunguka, mweusi, ukafuata wa pili, na kabla jua halijawa kali sehemu kubwa ya Ngubati ilikuwa imegeuzwa. Upinde wa Ipyana haukufanya lolote. Ulikaa tu nyuma ya dereva ukitikisika, na Ipyana alikaa chini ya mlima anang'oa majani bila sababu.

Kisha chakula kikaiva.

Kwa watu wale, anayekulimia shamba halishwi kiporo. Sahani ikipakuliwa naye hajafika, ni mwenye shamba aliyetukanwa. Mama Lugano alipika ndizi na maharage palepale chini ya mteremko, akapakua, akaita. Kandonga, aliyekuwa juu kabisa, akapunga mkono. Akaita tena. Mvua nyepesi ikaanza, mvuke wa chakula unapungua. Akaita mara nyingine, kwa sauti ya dada mkubwa.

Kandonga akaamua kushuka haraka. Akaifungua plau, akaiacha juu, maana angerudi nayo kazini. Akaelekea njia ya pembeni, ile ya mawe mawili. Trekta halikupita, lilikuwa limepanuka mno. Akalitazama shamba, linashuka moja kwa moja hadi kwenye sahani yake. Akaukaza mkanda, akashuka moja kwa moja.

Mbele kulikuwa na vyuma vilivyochomelewa, nyuma hakuna plau. Uzito wote ukakimbilia puani, magurudumu ya nyuma yakawa mepesi hata na maji yake, na breki za trekta ziko nyuma. Likaanza kuteleza. Likakaa upande, likaserereka ubavu kuelekea korongo lililo chini ya shamba, na katikati ya mteremko likainama, likalala.

Mama Lugano alipiga magoti kabla halijalala. Alisema baadaye kwamba aliwaona wote wawili pale, mumewe na mdogo wake, na kwamba hakujua ni nani anamlilia.

Trekta lililala ubavu, na upinde ukagusa ardhi kwanza. Halikubingirika. Likaendelea kuserereka, pua ikachimba kwenye tuta la kuzuia mmomonyoko, likasimama hatua chache kutoka korongoni. Walipofika walimkuta Kandonga ananing'inia kwenye mkanda, mkono umevunjika, anauliza kama chakula kimepoa.

Alipokwisha kufungwa mkono, ndugu wakakusanyika. Jembe likaletwa, na madai yakaanza.

Lugano alisema, "Nani aliishika pua wakati wa kupanda? Vyuma vyangu. Nani alilisimamisha trekta mbele ya korongo? Vyuma vyangu, vilivyochimba kwenye tuta kwa uzito wao. Mjomba angekuwa chini kule sasa. Jembe ni langu."

Tusekile alisema, "Vyuma vyako ndivyo vilivyolivuta chini. Ungeviacha vitolewe, mjomba angevitoa na kushuka taratibu. Nani aliilima Ngubati? Bila kashata zangu mngekuwa bado mnasukuma. Na lilipoinama, nani alilizuia lisibingirike? Maji yangu, yaliyolikalisha chini. Mwulizeni dereva yeyote. Jembe ni langu."

Ipyana alisema, "Rimu zako ndizo zilizomnyima njia, Dada. Ninyi wawili mlilima vizuri, sibishi. Lakini Mama hakusema shamba lilimwe tu, alisema mjomba arudi. Lilipolala, kati ya ardhi na kichwa cha mjomba palikuwa na nini? Mlinicheka kwamba nimeleta kitu cha kuanguka nacho. Ameanguka, na yuko pale anakunywa chai. Jembe ni langu."

Ndugu wakamgeukia Kandonga, wakidhani aliyekuwa kwenye kiti ndiye atakayemaliza shauri. Kandonga akaweka kikombe chini. Alisema alipanda kwa vyuma, akalima kwa matairi, akaishi kwa upinde, na hilo hata mtoto ameliona. Kisha akamtazama Ipyana.

"Ila nikuambie, mpwa wangu. Nimeendesha matrekta maisha yangu yote, na mteremko kama ule sijawahi kuushuka moja kwa moja. Leo nimeushuka. Nilipokaza ule mkanda wako nilijiona sifi."

Watu wakaguna. Mzee mmoja wa ukoo akajaribu kusema kwamba basi wote wamekosa na asipewe mtu. Tusekile akamwuliza, "Basi nikaombe shamba kwa yule mume wangu wa zamani?" na mzee akarudi kwenye kiti chake.

Mama Lugano akainuka, akaliokota jembe. Akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Mnahesabu vyuma na matairi. Aliyeita ni nani? Ningekiacha chakula kipoe, angeshuka na plau yake nyuma, taratibu. Mimi pia nimo. Lakini mimi sidai shamba. Mimi natakiwa kulitoa."

Akawatazama watoto wake mmoja mmoja, na alipofika kwa Lugano macho yake, kwa mazoea tu, yakashuka hadi miguuni. Safari hii Lugano aliliona jicho lile. Miguu yake ilikuwa imesimama palepale, ina tope la Ngubati hadi magotini. Mchana ule watu walipogutuka na kurudi nyuma trekta likiserereka, yeye alikuwa amekimbilia mbele yake, akasimama kati ya trekta na korongo. Hakusaidia kitu, maana trekta lilisimama kabla ya kumfikia, na katika madai yake hakulitaja. Mama yake alikuwa ameliona.

Moyo wake ukataka kumpa Lugano. Sina haja ya kulificha. Lakini akimpa Lugano, wadogo zake watasema amempa ili kumfariji kwa kifo cha baba yao, si kwa trekta, na Ipyana atakwenda kwa wakwe zake mikono mitupu, yeye ambaye kitu chake ndicho kilichomzuia Kandonga asife. Akimpa Ipyana, Lugano ataamini hadi kaburini kwamba mama yake hajasamehe ile siku aliyoruka. Akimpa Tusekile, aliyeilima Ngubati kweli kwa meno ya matairi yake, kaka zake watasema shamba la baba limekwenda kwa aliyefunga njia. Na asipompa yeyote, Ngubati italala tena, nyeusi, imegeuzwa bila kumalizwa, plau ikiota kutu pale juu.

Jembe lina mpini mmoja. Mama Lugano ameushika, ndugu wamekaa, na watoto watatu wamenyoosha mikono. Mimi nimefika mwisho wa niliyoyajua. Ninyi mliokuwa mkisikiliza, mkaona kila mmoja alivyookoa na kila mmoja alivyoponza, semeni sasa: je, ungekuwa wewe ndiye mama yao, jembe ungemkabidhi nani?