Mkufu Wenye Mashizi

Sonara Bwanakombo alikuwa na ndimi mbili. Ukimuuzia dhahabu ya kale, aliiita shaba. Akikuuzia yeye, alidai iliachwa na malkia. Ndivyo alivyokinunua kipini cha pua alichorithi Mwanasha kwa bibi yake: kwa bei ya mkate. Kesho yake kikawa kinang'aa kabatini.

Mwanasha akarudi na mkufu uliojaa mashizi, pamoja na mwanamke aliyejifunika ushungi hadi machoni.

"Ni wa shoga yangu huyu. Utazame vizuri, bwana."

Sonara hakuusugua hata kwenye jiwe la kupimia dhahabu. "Shaba!"

"Pengine umekosea."

"Miaka thelathini sijakosea. Aliyempa mkufu huu kamcheza shere."

"Apa."

"Wallahi, shaba!"

Mwanasha akausugua mkufu kwa ndimu, ukawaka. Shoga yake akafunua uso. Alikuwa mke wa sonara.

"Kumbe mahari yangu ni shaba," alisema. "Basi hujanioa bado. Narudi kwa baba."

"Mke wangu, nimesema uongo! Ni dhahabu!"

"Na kipini changu?" aliuliza Mwanasha, kiganja wazi.

Mke akashika mlango, tayari kutoka.

"Nacho ni dhahabu!" alilia sonara, akihangaika na funguo za kabati.